Bi Kimya na Kicheko cha Nguzoni

Katika kanisa kuu lile askofu alikuwa askofu na Mkuu wa kanisa alikuwa Mkuu, lakini aliyeogopwa alikuwa Bi Kimya. Jina hilo hakubatizwa nalo. Alipewa na waumini, tena kwa nyuma na kwa sauti ya chini kabisa, maana masikio yake yalikuwa kila mahali. Alikuwa mhudumu wa kanisa. Ndiye aliyefungua milango asubuhi, ndiye aliyewasha mishumaa, ndiye aliyetangulia mbele ya makasisi kwenye maandamano akiwa na fimbo nyembamba yenye kichwa cha shaba. Ibada ikishaanza alikwenda kusimama nyuma, karibu na mlango, fimbo mkononi na macho yakiwinda. Ukinong'ona, anakusikia. Ukifungua peremende, anakusikia kabla hujauonja utamu. Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kumnyamazisha mtu aliyekuwa anawaza tu. Mimi hilo sikuliona, lakini sitabishana na anayelisema.

Kazi yake aliifanya kwa utaratibu. Kwanza jicho. Ukiwa sugu wa jicho, inakuja "shii", ndefu, imepitishwa kwenye meno. Na ukiipuuza hiyo, basi umeyataka mwenyewe: anakujia kwa hatua za taratibu, anainama sikioni mwako, anasema, "Nje." Hakuna rufaa. Msaidizi wake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kalamu mfukoni na viatu vilivyopigwa rangi, na alipoanza kazi Bi Kimya alimpa kanuni hiyo hiyo. Akamwambia, hata awe nani. Hata awe askofu. "Hata niwe mimi," akamalizia, na Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupindisha kanuni, akaiweka kichwani kama alivyopewa.

Lakini usije ukadhani Bi Kimya hakuwa na moyo. Alikuwa nao, ulikuwa na ufa mkubwa, na aliyeutia ufa huo ni yeye mwenyewe.

Alikuwa na mdogo wake mwenye saluni, mtaa wa pili tu kutoka kanisani. Wawili hao walilala tumbo moja, ila ungedhani siku ya kugawiwa sauti mkubwa alichelewa kufika, mdogo akabeba fungu lote. Mdogo mtu alikuwa na kicheko. Si kicheko hivi hivi. Kilianza chini, taratibu, kama kifuniko cha sufuria kinapoanza kuchezacheza jikoni, halafu kikapanda, kikamwagika, na mwisho kabisa kikaishia kwa mkoromo mdogo wa puani. Kilikuwa kicheko cha mama yao, mkoromo na vyote. Mama alipofariki watu walimfariji mdogo mtu wakisema, angalau hicho ametuachia.

Basi ikafanyika ibada ya kumkumbuka mama, na akaja kuhubiri kasisi mgeni ambaye hakuwahi kumtia marehemu machoni. Alimsifu vizuri kweli kweli. Akasema marehemu alikuwa mwanamke mpole, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti. Hapo wote waliomjua mama wakaanza kuangalia viatu vyao. Mama yule akimwita mtoto kutoka jikoni, watoto wa mtaa wa tatu walikuwa wanaitika. Mdogo mtu alikuwa benchi la mbele, macho yamevimba kwa kulia. Akajizuia. Akauma leso. Wapi! Kicheko kikamtoka chote, huku machozi bado yanamtiririka.

Na Bi Kimya, ambaye siku ile alistahili kukaa na kulia kama wafiwa wengine lakini alikataa kumwachia mtu fimbo, akatembea kutoka mlangoni mpaka benchi la mbele. Akainama sikioni mwa mdogo wake. Akasema, "Nje."

Mdogo mtu akatoka. Tangu hapo hakukanyaga tena kanisani, wala nyumbani kwa dada yake. Salamu zikawa zinapitia kwa watoto. Mvua zikaja zikaenda, zikaja nyingine, na Bi Kimya kila asubuhi akawa anapita njia ya mzunguko kwenda kazini ili asipite mbele ya saluni. Kwamba alikosa, alijua. Kujua si kazi. Kazi ni kusema, na neno "samahani" lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Usiku alilifanyia mazoezi kitandani. Asubuhi likawa limerudi mahali pake.

Mambo yalikuwa hivyo alipokuja Mkuu mpya. Alikuwa kijana wa kuvaa raba chini ya kanzu, na alilikuta kanisa kuu paa linavuja, mabenchi matupu, na kwenye ibada ya jioni popo wanawazidi waumini. Akasema nyumba kubwa namna hii haikujengwa iwe ya popo. Ni ya mji mzima, hata wasiosali. Kwa hiyo kutakuwa na matamasha ya muziki, midahalo, na maonyesho ya sanaa. Bi Kimya akamwambia kwa heshima zote kwamba leo ni sanaa, kesho utakuwa mnada wa viatu. Mkuu akatabasamu, akasema mnada wa viatu ni wazo zuri, atalifikiria.

Wakaanza na picha za kuchorwa. Bi Kimya alizikagua moja baada ya nyingine, mikono nyuma, na mbele ya ile kubwa kuliko zote akaomba aonyeshwe upande wa juu ni upi. Kisha wakaja wapiga zeze, ambao aliwavumilia kwa sababu wasikilizaji wao walisinzia mapema. Halafu akaja Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke kijana aliyenyoa kipara, na walimwita hivyo kwa sababu hakuja na picha wala sanamu. Alikuja na ngazi, nyaya, na masanduku madogo meusi. Kumbe alikuwa amezunguka mji mzima na kinasa sauti, gereji, sokoni, hospitali, kwenye foleni za maji, akikusanya sauti za watu. Sasa kila nguzo ya kanisa ingepewa sanduku lake juu kabisa, na kila sanduku sauti yake, ili anayetembea katikati ya nguzo ausikie mji wake ukipokezana: huku kikohozi, kule mluzi, pale mtu anapiga hesabu ya vitunguu. Aliyaeleza haya yote mbele ya wafanyakazi wa kanisa, polepole, akionyesha kwa mikono. Wote wakaelewa isipokuwa mmoja. Wakati wa maelezo Bi Kimya alikuwa anazunguka nyuma ya viti, akiwanyamazisha waliokuwa wananong'ona kuulizana. Masanduku aliyaona yakipandishwa. Akadhani Mkuu hatimaye amenunua spika mpya za mahubiri, akamshukuru Mungu.

Siku ya ufunguzi watu walifurika. Walikuja wa kusali na wasiosali, wenye suti na wenye mafuta ya gereji mikononi. Mkuu akawaomba watembee taratibu, bila kusema neno, wasikilize. Bi Kimya hakuamini masikio yake. Ukutani hakuna kitu, sakafuni hakuna kitu, na watu wote kimya! Hii sasa, alijiambia, ndiyo sanaa.

Raha hiyo haikudumu. Mtu akakohoa. Bi Kimya akamtupia jicho mzee aliyekuwa karibu na nguzo, mzee wa watu akabaki amekodoa macho. Kisha ukapigwa mluzi, mluzi hasa, wa fundi gari aliye chini ya gari. Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa amefunga midomo yake vizuri tu, akampa "shii". Yule mama akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, maana ndivyo watu walivyomzoea Bi Kimya. Alikuwa bado anamalizana naye kilipotoka kicheko.

Kilitokea nguzo ya tatu, upande wa dirishani. Kicheko kikubwa, kisicho na haya, ndani ya nyumba ya Mungu. Jicho lisingetosha. Shii isingetosha. Bi Kimya akashika fimbo barabara, akaenda kwa hatua zake zile, na umati ukampisha. Akafika kwenye nguzo. Hakuna mtu. Akaizunguka. Akaizunguka tena, kwa kushtukiza, upande wa pili. Kicheko kikazidi kupanda, tena sasa kilikuwa juu ya kichwa chake. Damu ikamchemka. Akainua fimbo, akaielekeza juu ya nguzo, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Wewe! Nje!"

Kanisa zima likapiga makofi. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Mpiga picha akapiga picha. Bwana mmoja wa miwani akamweleza mkewe kwamba hapo pana fumbo zito kuhusu mamlaka na furaha, na mkewe akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia siku zote. Fundi mwenyewe, kule kwenye ngazi yake, alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka.

Bi Kimya hakuyasikia makofi. Kicheko kilikuwa kimefika mwisho wake, na mwishoni kulikuwa na mkoromo mdogo wa puani.

Kwa muda mfupi, na hili alikuja kulisema mwenyewe baadaye, alidhani ni mama. Halafu akajua ni nani. Mkono wenye fimbo ukashuka taratibu. Alikuwa amemfukuza mdogo wake mara ya pili, mara hii mbele ya mji mzima, na mji mzima umemshangilia.

Kuanzia kesho yake Bi Kimya alihama kituo. Alimwambia Mwalimu ashike mlango, eti kuna upepo unaomwumiza kiuno, na yeye akahamia nguzo ya tatu. Upepo! Watu wakatazamana, wakajifanya hamnazo. Sauti zilipozunguka na zamu ya kicheko ikafika, alikuwa anasimama wima, ameshika fimbo kwa mikono miwili, anaangalia mbele kama askari. Hakukinyamazisha. Mgeni mmoja alipolalamika kwamba kicheko kile kinamsumbua, Bi Kimya alimpa jicho la aina yake mpaka akahamia nguzo ya vitunguu. Siku ya nne alimfuata Fundi, akazungukazunguka kwa habari za nyaya na vumbi, mwishowe akauliza kama sanduku lile moja linaweza kuongezwa sauti kidogo.

Fundi akaongeza. Ndipo akamweleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba kicheko kile alikipata saluni, siku aliyokwenda kunyolewa.

Jumatano Bi Kimya akapiga moyo konde, akapita njia ya saluni. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, yamekaa mstari kama mabenchi. Alipoingia, saluni yote ikanyamaza. Hata redio nadhani ilijipunguza. Mdogo mtu alikuwa anamsuka mteja. Akamtazama dada yake, akamwonyesha kiti cha pembeni kwa kitana. Zamu ilipofika Bi Kimya akakaa mbele ya kioo, akavua kitambaa, na mdogo wake akaanza kumsuka mistari bila kumwuliza anataka mtindo gani.

Alimsuka kwa kuvuta. Ee, alimvuta! Kila nywele iliulizwa maswali. Bi Kimya alitazama kioo, machozi yamemlenga, hakutoa hata "aa". Wateja waliokuwa wanasubiri walisoma gazeti moja la zamani kwa pamoja. Kila alipofungua mdomo atoe yale maneno ya alfajiri, mkono ukavuta, maneno yakarudi ndani. Mstari wa mwisho ulipofungwa, kilichomtoka ni hiki:

"Kicheko chako kimewekwa kanisani. Kwenye nguzo."

Mdogo mtu akasema anajua. Fundi alimwomba ruhusa, naye akampa kwa sharti moja tu, kwamba kiwekwe kule kule alikotolewa. "Nilitaka nione mtakifanya nini," akasema, akipangusa kitana. "Haya, dada. Umekifanya nini?"

Bi Kimya alikuwa na makosa yake, lakini uongo haukuwa mojawapo. "Nimekifukuza," akasema.

Mteja mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akapaliwa ghafla. Mdogo mtu akageukia ukutani. Mabega yakamtetemeka, akabana midomo, akasimama hivyo mpaka ikapita. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu. Kicheko kilikuwa chake, na hakutaka kumpa dada yake.

"Nenda kazini, dada. Utachelewa."

Mlangoni Bi Kimya akageuka, akasema Jumamosi kuna tamasha la kwaya la kufunga maonyesho, aje. Mdogo wake akauliza kama anaitwa ili atolewe tena. Hapo palikuwa pa kujibu. Palikuwa mahali pazuri kabisa pa kusema neno moja, hata mtoto mdogo angelisema. Bi Kimya akaweka kitambaa chake sawa, akaondoka. Maneno yake yote ya alfajiri yalibaki kwenye kile kiti, na kichwa kilimwuma mpaka Ijumaa.

Jumamosi asubuhi Fundi aliteremsha masanduku, akakunja nyaya, akaaga. Bi Kimya alimshikia ngazi kwenye nguzo ya tatu. Sanduku lilipowekwa chini alilitazama muda mrefu, akamwuliza Fundi kama lina uzito. Alasiri kanisa likajaa tena, kwaya ikajipanga mbele. Mwalimu alikuwa zamu ya mlango. Bi Kimya akasimama palepale kwenye nguzo yake, iliyokuwa sasa nguzo tu. Aliangalia mabenchi yote kutoka mbele hadi nyuma. Hakumwona aliyemtaka. Roho ikamwuma, akajiambia ndivyo inavyostahili.

Kabla ya wimbo wa kwanza Mkuu akasimama kutoa shukrani. Alimshukuru Fundi, akawashukuru waliotoa sauti zao, kisha akasema yupo mmoja ambaye bila yeye nyumba hii isingesimama. Mkuu alikuwa mgeni bado, na alikuwa na moyo mwema. Akanyoosha mkono kwenye nguzo ya tatu.

"Mama yetu mhudumu," akasema. "Mama mpole, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kumsemesha mtu kwa ukali."

Watu kanisa zima wakaangalia viatu vyao.

Na hapo, kutoka nyuma, karibu kabisa na mlango, kifuniko cha sufuria kikaanza kuchezacheza.

Watu wakainua macho kwenye nguzo. Masanduku hayapo. Kicheko kikapanda, kikamwagika, na Bi Kimya akageuka. Mdogo wake alikuwa benchi la mwisho, ameingia kwa kuchelewa, bado na aproni ya saluni, leso mdomoni, na leso haikusaidia lolote. Bi Kimya akaanza kutembea, hatua zake zile zile, fimbo mkononi. Mama mmoja akafunika macho ya mwanawe. Mdogo mtu alipomwona anakuja, kicheko kikamkauka. Akachukua mkoba wake, akasogea ukingoni mwa benchi, tayari kunyanyuka. Alikuwa ameizoea njia.

Bi Kimya akainama sikioni mwake.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Siku ile nilikosa sana. Hata mimi mama nilikuwa namsikia mpaka mtaa wa tatu."

Mdogo mtu akamtazama. Akajaribu kulia, nadhani, ndivyo uso ulivyoanza. Lakini mtaa wa tatu ule ulimshinda. Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, na hapo ndipo likatokea jambo ambalo waumini wanalisimulia hadi leo. Bi Kimya akashika ukingo wa benchi. Kitu kikaanza chini kabisa, taratibu, kikapanda, kikamwagika. Kumbe naye alikuwa nacho! Miaka yote alikuwa amekibana, na sasa kilikuwa kinatoka na malimbikizo yake. Mwishoni ukafuata mkoromo, na wa mdogo ukaujibu. Wakashikana shingo, wanacheka, wanalia, wanacheka.

Sasa Mwalimu alikuwa pale mlangoni, hatua chache tu. Akawapa jicho. Hawakuliona, machozi yalikuwa mengi. Akawapa "shii". Ikazama humo humo. Jasho likamtoka, maana alimwogopa Bi Kimya kuliko askofu, lakini kanuni ni kanuni na aliipokea kwa mwenyewe. Akawaendea kwa hatua za taratibu, akainama katikati ya masikio mawili.

"Nje," akasema. "Wote wawili."

Bi Kimya akanyanyua kichwa. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na alikijua kina chake. Akapangusa macho, akamkabidhi Mwalimu fimbo yenye kichwa cha shaba, akasema, "Sawasawa, Mwalimu," akamshika mdogo wake mkono, wakatoka.

Wakakaa kwenye ngazi za nje, juani. Mdogo mtu akamwuliza dada yake inaumaje kutolewa.

"Inauma," akasema Bi Kimya.

"Basi ndivyo."

Mdogo mtu akamtazama kichwa, akaipapasa mistari ile kwa vidole, akasema alimkaza mno, aje kesho amlegezee. Ndani kwaya ilikuwa imeanza. Walitaka kusikiliza, kweli walitaka. Lakini kila walipokaribia kutulia mmoja alikoroma, wakaanza upya, mpaka Mwalimu akaja akafunga mlango.